Daftari la Mfanyabiashara: Maisha ya Heinrich Carl Schimmelmann (1724–1782) na Msamiati wa Biashara ya Ng'ambo ya Denmaki

1.0 Utangulizi

Maisha ya mfanyabiashara huweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza humtazama mtu mwenyewe: alikozaliwa, alivyopanda daraja, alivyotajirika na alivyozikwa. Ya pili hulitazama daftari lake: kilichoingia, kilichotoka, na wale ambao ndani yake wamehesabiwa bila kusikika. Wasomi wa Kiswahili wanao mfano mashuhuri ambamo njia hizo hukaribiana, nao ni Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambamo mfanyabiashara mwenyewe anasimulia kwa lugha yake habari za safari, mali, deni na vita. Kwa Heinrich Carl Schimmelmann, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote katika biashara ya ng'ambo ya Denmaki ya karne ya 18, mtafiti hutegemea zaidi barua, mikataba, hati za serikali na hesabu za mashamba.

Kwa muda mrefu hati hizo zilisomwa kwa njia ya kwanza tu. Schimmelmann alielezwa kuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mji mdogo aliyekuwa hatimaye mtunza hazina wa mfalme na kupewa cheo cha ukaunti. Mtu aliyeokoa fedha za dola iliyoelemewa na deni. Utafiti mpana wa Christian Degn, uliochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1974, ndio uliobadili mwelekeo. Degn aliiweka familia hiyo ndani ya biashara ya pembetatu ya Atlantiki, na katika kichwa kidogo cha kitabu chake aliweka maneno mawili yaliyokuwa yametenganishwa: faida na dhamiri.

Makala hii inakusudia kwenda hatua moja zaidi katika upande unaowahusu wataalamu wa lugha na fasihi. Inadai kwamba maisha ya Schimmelmann hayaeleweki bila kuchunguza msamiati uliotumika kuwaorodhesha watu waliomtajirisha, na kwamba msamiati huo haukukoma kwa kifo chake wala kwa dhamiri ya mwanawe, bali uliingia hata katika sheria iliyopiga marufuku biashara ya watumwa.

2.0 Kutoka Demmin hadi Copenhagen

Schimmelmann alizaliwa mwaka 1724 katika mji wa Demmin, Pomerania, upande wa kaskazini wa Ujerumani ya leo. Aliingia katika biashara akiwa kijana, akahamia Dresden, mji mkuu wa Saksonia, na huko akapata haki ya kukusanya ushuru kwa niaba ya serikali. Utaratibu huo si mgeni kwa anayeijua historia ya Unguja ya karne ya 19, ambako nyumba ya Jairam Shivji iliukodi ushuru wa forodha kwa Sultani: mfanyabiashara humlipa mtawala kiasi walichopatana, kisha hukusanya mwenyewe, na kinachozidi huwa chake.

Vita vya Miaka Saba, vilivyoanza mwaka 1756, ndivyo vilivyomtoa katika utajiri wa kawaida. Mfalme Frederick II wa Prussia alipoivamia Saksonia, Schimmelmann aliligavia jeshi lake nafaka. Aidha, mfalme huyo alipozitaifisha akiba za vyombo vya kauri vya kiwanda cha Meissen, Schimmelmann alizinunua, na sehemu kubwa akaiuza kwa mnada Hamburg. Yaani alijipatia faida kutoka kwa jeshi lililoivamia nchi aliyokuwa akiitoza ushuru, na kwa mali ya nchi hiyohiyo. Wenye mji wa Hamburg hawakumpokea kwa furaha. Alijenga heshima yake kando ya mji, katika ardhi zilizokuwa chini ya mfalme wa Denmaki au jirani nazo: Ahrensburg aliyoinunua mwaka 1759, na Wandsbek mwaka 1762.

Waziri wa mambo ya nje wa Denmaki, J. H. E. Bernstorff, ndiye aliyemvuta katika utumishi wa mfalme mwaka 1761. Yafaa ikumbukwe kwamba dola ya Denmaki ya wakati huo ilikuwa pana: ilijumuisha Norwei, maeneo ya Schleswig na Holstein, ngome katika Pwani ya Dhahabu, Tranquebar nchini India, na visiwa vitatu vya Karibi, yaani St. Thomas, St. John na St. Croix, ambacho Denmaki ilikinunua kutoka Ufaransa mwaka 1733. Dola hiyo pana haikuwa na fedha. Dawa ya kwanza iliyotolewa chini ya uongozi wa Schimmelmann ilikuwa kodi ya kichwa ya mwaka 1762, iliyomtoza rigsdaler moja kwa mwaka kila mtu aliyezidi umri wa miaka 12. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa namna kodi ya aina hiyo inavyopokewa. Mwezi Aprili 1765 wakulima na wavuvi wa vitongoji vya Bergen, Norwei, waliingia mjini kuipinga kwa nguvu.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wa maisha yake huligusa kwa haraka mno. Kabla hajawahesabu watumwa wa mashamba yake mwenyewe, Schimmelmann alikuwa amekwisha kuwahesabu raia wa mfalme, kila kichwa kwa bei moja.

3.0 Pembetatu mikononi mwa mtu mmoja

Mwaka 1754 serikali ya Denmaki iliamua kuinunua Kampuni ya India Magharibi na Guinea iliyokuwa ikishindwa kujiendesha, na mali zake zikawa za mfalme. Miaka tisa baadaye, mwaka 1763, mfalme aliiuza sehemu nono ya mali hizo: mashamba ya miwa ya visiwani pamoja na kiwanda cha kusafishia sukari mjini Copenhagen. Mnunuzi alikuwa Schimmelmann, ambaye wakati huohuo ndiye aliyekuwa mshauri mkuu wa mfalme katika mambo ya fedha. Yaani mshauri wa muuzaji na mnunuzi walikuwa mtu mmoja. Mashamba hayo, likiwamo La Grande Princesse la St. Croix na Carolina la St. John, yalimfanya kuwa miongoni mwa wenye watumwa wengi kabisa katika visiwa hivyo. Idadi yao ilifikia karibu watu 1,000.

Katika miaka ya 1760 hiyohiyo alikipata kiwanda cha bunduki cha Hellebæk, kaskazini mwa Copenhagen. Kiwanda hicho kilitengeneza silaha za jeshi la mfalme, lakini pia kilitoa bunduki zilizokuwa bidhaa ya lazima katika Pwani ya Dhahabu. Wandsbek ilikuwa na viwanda vya kaliko, yaani kitambaa cha pamba kilichopigwa chapa za rangi, ambacho nacho kilihitajiwa sana Afrika Magharibi. Mashamba yake ya Ulaya yalitoa pombe kali. Ikiwa bidhaa hizo tatu zitapakiwa katika meli ambamo mtu huyohuyo ana hisa, zikapelekwa ngome ya Christiansborg huko Accra, zikabadilishwa kwa watu, watu hao wakapelekwa katika mashamba ya mtu huyohuyo, na sukari yao ghafi ikasafirishwa hadi katika kiwanda chake, basi hakuna hatua hata moja ya mzunguko huo ambamo faida inapotea njiani.

Ni kweli kwamba si kila bunduki ya Hellebæk ilikwenda Afrika, na si kila mtumwa wa mashamba yake aliletwa na meli aliyokuwa na hisa ndani yake. Pembetatu ya wanahistoria imenyooka kuliko ile ya baharini. Hata hivyo, umiliki wa namna hiyo una athari moja inayostahili kutiliwa mkazo. Mfanyabiashara wa kawaida hununua kwa mwingine na kuuza kwa mwingine, na katika kila mapatano kuna macho mawili yanayokiangalia kinachouzwa. Pale ambapo muuzaji na mnunuzi ni mtu mmoja, mapatano hugeuka kuwa uhamisho kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mtu aliyekamatwa, akavushwa bahari na kuuzwa, anahama kutoka safu ya gharama za meli kwenda safu ya mtaji wa shamba.

Katika kipindi chote cha biashara hiyo, meli za Denmaki ziliwapakia zaidi ya Waafrika 100,000. Kwa kulinganisha na Uingereza, Ureno au Ufaransa hesabu hiyo ni ndogo, na udogo huo umewafanya baadhi ya waandishi waione Denmaki kama mshiriki wa pembeni. Lakini kwa kuwa ilikuwa ndogo, mtu mmoja aliweza kuishika karibu mnyororo mzima; jambo hilo lingekuwa gumu Liverpool au Nantes, ambako wafanyabiashara walikuwa wengi.

4.0 Msamiati wa daftari

Rejista za kodi na orodha za mashamba ya visiwa vya Denmaki ziliwapanga watumwa kwa maneno machache yaliyojirudia. Kwanza walikuwapo capable, neno la asili ya Kifaransa, yaani wenye uwezo kamili wa kazi. Kisha walikuwapo manqueron, kutokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupungukiwa: wazee, wagonjwa na walemavu. Walikuwapo pia waliofikia nusu ya ukubwa, na watoto. Ni dhahiri kwamba uainishaji huu haumgawi mtu kwa umri, kabila, ndoa wala ukoo, bali kwa kiasi cha kazi kinachoweza kutolewa katika mwili wake. Mzee mwenye hekima na kijana aliyekatwa mkono na kinu cha miwa wangekaa katika safu moja.

Neno la kuvutia zaidi kwa msomi wa Kiswahili ni bussal. Asili yake ni Kireno, boçal, na Kihispania, bozal, na lilitumiwa kwa mtumwa aliyetoka Afrika karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za shambani. Katika Kireno neno hilohilo lina maana ya mtu mpumbavu, asiyeelewa. Kinyume chake alikuwa kriol, aliyezaliwa visiwani.

Jozi hii ina pacha wake katika Kiswahili cha mwambao. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, neno mjinga halikumaanisha tu mtu asiye na akili. Lilimtaja mtumwa mgeni aliyeletwa kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala desturi za mjini. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Hivyo bussal na kriol, mjinga na mzalia, ni jozi mbili zilizoundwa mbalimbali, bila ya moja kukopa kwa nyingine, na zote mbili zimefanya kosa moja la kimaana: zimechukua kutojua lugha ya bwana na kukufanya kuwa kutojua kabisa. Mtu ambaye jana alikuwa fundi wa chuma, mganga au msemaji wa ukoo wake, leo ni mjinga kwa sababu amevushwa kwa nguvu kutoka mahali alipokuwa anajua.

Kufanana huko kusitufanye tuisahau tofauti. Mjinga na mzalia yalikuwa maneno ya watu wanaoishi pamoja katika mji mmoja. Yalisemwa barazani na jikoni, na watumwa wenyewe waliyatumia kubaguana na kushindania heshima. Capable na manqueron yalikuwa maneno ya karani. Mtu aliyetajwa nayo hakulazimika kuyasikia, na bwana aliyeyasoma Copenhagen hakulazimika kumwona mtu huyo. Umbali huo ndio uliomwezesha Schimmelmann kuendesha mashamba kwa kalamu tu.

Wakati huohuo, watu waliokuwa katika safu hizo walikuwa na lugha yao. Krioli ya visiwa vya Denmaki, yenye msingi wa Kiholanzi na mchango wa lugha za Afrika Magharibi, ilielezwa katika kitabu cha sarufi cha J. M. Magens, mzaliwa wa St. Thomas, kilichochapwa Copenhagen mwaka 1770. Hiyo ndiyo sarufi ya kwanza ya lugha ya krioli kuchapishwa popote. Yaani ilitolewa katika mji uleule ambamo sukari ya wasemaji wake ilikuwa ikisafishwa, na katika kipindi kilekile ambacho bwana wao alikuwa mtunza hazina. Aidha, C. G. A. Oldendorp, aliyetumwa visiwani na misheni ya Wamoravian katika miaka ya 1767 na 1768, aliwauliza watumwa habari za nchi walizotoka, akaandika maneno na hesabu za lugha zao nyingi. Waliokuwa bussal katika rejista wakawa, katika kazi ya Oldendorp, watoa habari wa lugha.

Na si kwamba walingoja kuulizwa. Mapema, mwaka 1739, mwanamke wa St. Thomas aliyeitwa Marotta, na kwa jina la ubatizo Magdalena, alimwandikia Malkia Sophie Magdalene wa Denmaki barua kwa niaba ya wanawake Weusi wa kisiwa hicho, akiomba waachwe wamwabudu Mungu wao bila kuteswa. Barua hiyo ilikuwa katika lugha ya Kiafrika ya nyumbani kwake pamoja na tafsiri ya Kikrioli. Ni hati fupi, lakini ndani yake msemaji anajitaja mwenyewe, anataja alikotoka, na anamsemesha mtawala moja kwa moja.

5.0 Sukari na kalamu

Schimmelmann hakuwa mtu wa vitabu, ila fedha zake zilikuwa chanzo cha vitabu. Mwaka 1771 gazeti lililoitwa Der Wandsbecker Bothe, yaani Mjumbe wa Wandsbek, lilianza kutolewa katika kijiji chake kwa msukumo wake, na mhariri wake alikuwa mshairi Matthias Claudius. Gazeti lilidumu hadi mwaka 1775. Wasomaji wake walikuwa mia chache tu, lakini lilipata jina katika fasihi ya Kijerumani. Katika miaka hiyohiyo Claudius alitunga shairi fupi ambalo nafsineni yake ni mtumwa Mweusi katika shamba la miwa. Msemaji yuko mbali na kwao, anateseka, anaushangaa ubaya wa watu weupe asiowakosea, na anamwelekea Mungu.

Wahakiki wengi wamelisifu shairi hilo kwa huruma yake, na sifa hiyo ni ya haki. Linalotakiwa kuongezwa ni kwamba shamba la miwa halikuwa kwa Claudius mahali pa kufikirika. Mwenye kijiji alichoishi alikuwa na mashamba manne ya aina hiyo. Hata hivyo shairi halimtaji mtu, kisiwa wala bendera. Mtesaji ni watu weupe kwa jumla, na anayeelekezewa malalamiko yuko mbinguni. Kwa kufanya hivyo mshairi alipata uhuru wa kusema, na mwenye gazeti alipata uhuru wa kutosikia. Ukilisoma shairi hilo kando ya barua ya Marotta, utaona kwamba yule wa kubuniwa analalamika kwa Mungu, ilhali yule wa kweli alimwandikia malkia.

Kisa cha pili ni cha kizazi kilichofuata. Mwezi Juni 1791 uvumi ulifika Denmaki kwamba mshairi Friedrich Schiller amefariki. Ernst Schimmelmann, mwana wa Heinrich Carl, pamoja na mkewe Charlotte na mshairi Jens Baggesen, walifanya kumbukumbu ya maombolezo huko Hellebæk, mahali pa kiwanda cha bunduki cha familia. Ilipojulikana kwamba Schiller yu hai ila ni mgonjwa na hana fedha, Ernst na Mtawala wa Augustenborg walimpa posho ya thaler 1,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Barua zake juu ya elimu ya ujumi, ambazo hadi leo husomwa katika kozi za nadharia ya fasihi, zilianza kuandikwa kwa Mtawala huyo katika kipindi hicho. Kitabu kinachouzungumzia uhuru wa mwanadamu kwa njia ya sanaa kiligharimiwa, kwa sehemu, na miwa ya St. Croix.

6.0 Urithi na sheria ya 1792

Heinrich Carl alifariki Copenhagen mwaka 1782, miaka mitatu baada ya kupewa ukaunti. Mashamba yalibaki katika familia, na Ernst ndiye aliyeyasimamia. Ni Ernst huyohuyo ambaye, akiwa waziri wa fedha, alikuwa kinara wa tume ya mwaka 1791 iliyochunguza biashara ya watumwa, na tarehe 16 Machi 1792 ikatolewa amri ya kuipiga marufuku kwa raia wa Denmaki kuanzia mwaka 1803. Denmaki ikawa nchi ya kwanza ya Ulaya kutangaza katazo la aina hiyo.

Je, mwana alikuwa kinyume cha baba? Jibu la haraka ni ndiyo, na barua zake zinaonyesha mtu aliyesumbuka kwelikweli. Alikuwa pia amemsaidia daktari Paul Erdmann Isert, ambaye kitabu chake cha mwaka 1788 kilieleza maovu ya biashara hiyo, katika jaribio la kuanzisha mashamba yenye kazi huru katika milima ya Akwapim. Jaribio hilo lilififia baada ya Isert kufariki mwanzoni mwa mwaka 1789. Lakini amri yenyewe, ikisomwa kwa msamiati wake, inazungumza lugha ya daftari. Hoja yake kuu ni kwamba idadi ya watumwa visiwani inaweza kudumu kwa kuzaliana bila kuletwa wapya, endapo wanawake watakuwa wa kutosha. Kwa hiyo muda wa miaka kumi ulitolewa, wenye mashamba walikopeshwa fedha za serikali za kununulia watumwa, meli za mataifa yote ziliruhusiwa kuleta watu, na uingizaji wa wanawake ulipunguziwa mizigo ya kodi. Mwanamke wa Kiafrika aliingia katika sheria hiyo kama tumbo lenye kuokoa gharama ya meli.

Matokeo yake hayakuwa ya ajabu. Biashara haikupungua katika miaka hiyo kumi, iliongezeka. Utumwa wenyewe haukuguswa, kwa sababu amri ilihusu kununua na kusafirisha, si kumiliki. Ulikoma tarehe 3 Julai 1848, pale maelfu ya watumwa wa St. Croix walipokusanyika Frederiksted kudai uhuru wao, na gavana Peter von Scholten akautangaza bila kungoja ruhusa ya Copenhagen. Visiwa viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917. Krioli iliyoandikiwa sarufi na Magens ilipungua msemaji hadi msemaji, na msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa nayo alifariki mwaka 1987.

Kaburi la Schimmelmann, jengo la kifahari, liko Wandsbek, ambayo sasa ni sehemu ya Hamburg. Mwaka 2006 sanamu yake ya kichwa na mabega iliwekwa hadharani huko kwa heshima ya mchango wake katika ustawi wa mtaa. Wakazi walipinga, sanamu ikamwagiwa rangi, na mwaka 2008 ikaondolewa. Mabishano yaliyoandamana na tukio hilo yalirudia njia mbili zilizotajwa mwanzoni mwa makala hii: upande mmoja ulitaja viwanda, mfereji na ajira alizoleta, na upande wa pili ulitaja mashamba. Majina ya watu waliokuwa katika mashamba hayo, ambayo kwa wengi wao bado yanasomeka katika orodha za visiwani mbele ya maneno capable na manqueron, hayakuandikwa kwenye sanamu, wala hayajapata mhariri.